Ndoo ya Tatu

Aliniita kando ya stesheni, treni ya Mpanda imechelewa,
akafunua leso: tembo wa dhahabu,
mkonga juu, milima mgongoni,
na mwaka wenyewe, elfu moja mia tisa kumi na sita.
"Ya Mjerumani, mama. Bibi aliifukia chini ya kinu.
Nauza kwa shida tu. Mtoto kalazwa Kitete."

Miye muuza asali, si mtoto wa jana.
Najua atajaye hospitali kabla ya bei
anataka uone haya kuuliza.
Ila tembo yule alinitazama,
na binti yangu anaolewa mwezi wa saba.
Laki tatu na nusu.
Msimu mzima wa Sikonge ukaingia mfukoni mwa mtu
ambaye jina lake sikulishika.

Nyamizi sonara yuko Gongoni,
duka la marehemu Kalyanji, aliyemfundisha
akiwa bado msichana wa kupuliza makaa.
Vidole vyake vimebabuka kwa tindikali,
hacheki ovyo, chai yake huwa imepoa.
Nikamwambia: nitilie kitanzi, iwe kidani.
Hakushika koleo. Alishika mizani.

Ya kweli ina gramu saba na punje kidogo;
yangu ilikuwa nyepesi kama ahadi.
Akaidondosha juu ya kioo: ko.
Sauti ya kijiko.
Akanipa lenzi, niangalie mwenyewe,
na tumbo la tembo lilikuwa na vitundu
kama ganda la limau.
"Imemiminwa," akasema. "Hii ilikuwa koki ya bomba."

Hakunitolea methali ya king'aacho.
Alinisogezea kigoda.

Kisha akafungua droo, akatoa nyingine,
imelala kwenye pamba ndani ya kopo la dawa ya meno.
Oo, ile!
Rangi yake haikupiga kelele.
Tai upande mmoja, tembo upande wa pili,
na herufi T, ndogo, ya mji huu huu,
ilikopigwa vita vikiwa mlangoni.
Nikanyoosha mkono. Akaurudisha nyuma, taratibu.
"Kwanza nikuonyeshe ubaya wake."

Nani anauza hivi?
Akanionyesha ukingoni kovu la kulehemu,
mtu aliwahi kuivaa shingoni.
Akanionyesha sikio la tembo lililosagika.
"Kwa hiyo bei imeshuka. Ingekuwa nzima, nisingekutajia."
Akanionyesha daftari: imetoka kwa nani, lini,
kidole gumba cha muuzaji, wino wa bluu.
"Ukinunua, nakuandikia risiti. Ukipata shaka,
hata baada ya miaka mitano, ilete, nakurudishia hela yako."

Bei aliyotaja ilinikalisha vizuri zaidi kwenye kigoda.
Sina, nikasema.
"Basi usinunue," akasema Nyamizi,
akanywa chai yake baridi.
"Au weka kidogo kidogo. Tembo huyu
kakaa miaka mia. Hana haraka ya harusi."

Nikaweka elfu hamsini. Akaandika, akapiga muhuri.
Ile koki akanirudishia:
"Usimuuzie mtu."
Sikuwa nimefikiri kumuuzia mtu.
Nilikuwa nimefikiri. Kidogo. Njiani.

Jioni Kanyenye, nafungua kibanda.
Ndoo tatu, vifuniko vyekundu,
na lebo ya mkono wangu: ASALI HALISI YA MIOMBO.
Mteja wa kwanza, kijana wa magereji,
akaichovya ya tatu kwa kijiti, akalamba,
akatikisa kichwa kama mjuzi.
"Hii tamu kuliko zote, mama. Lita bei gani?"

Ndoo ile naijua.
Naijua sukari yake, sufuria iliyoiyeyusha,
saa ya usiku nilipoikoroga.

Tembo wa koki alikuwa bado ndani ya leso yangu,
amenibana kiunoni.
"Ngoja," nikamwambia, nikifunika.
"Kwanza nikuonyeshe ubaya wake."